Dawa Kwenye Bomba la Maji: Hutiwaje, Hupimwaje, na Kwa Nini Ikuhusu



Juzi baada ya sala ya Isha, mzee mmoja wa mtaani kwetu alinishika mkono tukitoka msikitini. Akaniambia, "Mwanangu, wewe ulisomea mambo ya maji. Haya maji ya birika leo yanuka dawa mpaka yaingia kichwani. Wiki jana hayakunuka hata kidogo. Sasa niambie, mabaya ni yepi, ya leo au ya wiki jana?"

Nilimjibu kwamba mimi ningeyahofia zaidi yale ya wiki jana. Akanitazama kama mtu anayengoja nicheke, ajue ni mzaha. Sikucheka.

Swali lake ndilo swali la nyumba nyingi hapa Pwani, kwa hivyo nimeona nilijibu kwa urefu. Nina diploma ya mambo ya maji, na kabla ya kushika kalamu nilifanya kazi miaka kadhaa kwenye kituo kimoja cha kusukuma maji. Kazi yangu ilikuwa kutia dawa na kuandika vipimo. Nitaeleza dawa huingiaje ndani ya bomba, hupimwaje, na mambo huharibikia wapi. Nitaeleza pia kosa langu mwenyewe, maana si haki kuwanyoshea wengine kidole huku nimeficha mkono wangu.

Dawa ni gani

Dawa inayonuka ni klorini. Huletwa vituoni kwa sura tatu. Ya kwanza ni gesi, iliyoshindiliwa kwenye mitungi ya chuma. Ni kali sana, na ikivuja huua. Ya pili ni unga mweupe unaokorogwa na maji, ambao nguvu yake huwa kama asilimia 65 hadi 70. Ya tatu ni ya maji maji, ndugu yake ile Jik tunayofulia nguo nyeupe. Hii ya tatu ina kasoro moja inayotuhusu sana watu wa Pwani: joto huila nguvu. Dawa iliyoandikwa asilimia 10 kwenye lebo, ikiwekwa juani wiki kadhaa, si ya asilimia 10 tena. Fundi asiyelijua hilo ataweka kiasi kile kile cha jana na atakuwa ametia pungufu.

Kuua vijidudu vya maji kwa klorini si jambo la leo. Mji wa Jersey City, Marekani, ndio uliokuwa wa kwanza nchini humo kutia dawa hii mfululizo katika maji ya mji mzima, kuanzia tarehe 26 Septemba 1908. Aliyesimamia alikuwa daktari aitwaye John Leal, na alianza bila ya kuomba idhini. Jambo hilo likafika mahakamani. Alipoulizwa huko kama angethubutu kuwapa ahali zake maji yale, alijibu kwamba angewapa bila wasiwasi. Baada ya hapo miji mingine ikafuata, na homa ya matumbo ikapungua sana.

Klorini huua vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo kwa urahisi. Haiui kila kitu. Mwaka 1993 katika mji wa Milwaukee, Marekani, watu wapatao 400,000 waliugua kwa sababu ya kijidudu kiitwacho Cryptosporidium, ambacho kina ganda gumu lisilojali klorini. Maji yale yalikuwa yametiwa dawa. Kilichoshindwa ni uchujaji. Kwa hivyo dawa haichukui nafasi ya kuchuja. Maji yenye tope huificha vijidudu ndani ya chembe za udongo, na dawa huishia kupigana na tope.

Klorini si dawa pekee inayotiwa. Kuna shabu ya kufanya tope ligande na litue chini, kuna chokaa ya kurekebisha ukali wa maji, na kuna dawa za fosfeti zinazojenga utando mwembamba ndani ya bomba ili chuma au risasi isiliwe na maji. Hata mabomba ya mafuta hutiwa dawa. Bomba la Alaska, lenye urefu wa kilomita 1,287, lilianza mwaka 1979 kutiwa dawa inayopunguza msuguano ili mafuta yapite mengi zaidi kwa pampu zile zile. Kanuni ni moja kote: kitu kidogo sana kinaingizwa ndani ya kitu kingi kinachokwenda mbio, na uwiano lazima ubaki sawa.

Dawa huingiaje ndani ya bomba

Watu wengi hudhani fundi humimina dawa kwenye tangi kama mtu anayetia sukari kwenye birika la chai. Zamani ilikuwa karibu na hivyo, na kuna visima vya mtaani vinavyotiwa hivyo mpaka leo. Lakini kwenye bomba kubwa maji hayasimami yakangoja, na ndani mna shinikizo. Ukitoboa bomba tu, maji yatatoka nje, dawa haitaingia. Dawa lazima isukumwe kwa nguvu kushinda ile ya maji.

Kazi hiyo hufanywa na pampu ndogo yenye kiwambo cha mpira. Kiwambo kikivutwa, hunyonya dawa kutoka kwenye pipa. Kikisukumwa, huitema. Kila pigo hutoa kiasi kile kile, matone machache tu. Fundi anaweza kubadilisha vitu viwili: urefu wa pigo, na idadi ya mapigo kwa dakika. Ukiingia chumba cha dawa utaisikia ikilia tak, tak, tak usiku kucha. Ushike mlio huo, tutaurudia.

Kutoka kwenye pampu dawa hupita kwenye mpira mwembamba hadi kwenye sindano iliyochomekwa ndani ya bomba kubwa. Sindano hiyo hufika karibu na katikati ya bomba, kwa sababu mbili. Katikati ndiko maji yanakokwenda kasi zaidi, kwa hivyo dawa huchanganyika upesi. Na dawa kali ikiachwa iteremke ukutani, hula chuma mpaka bomba litoboke. Kwenye sindano huwekwa valvu ya kuzuia maji kurudi kwenye pipa. Huwekwa pia valvu ya kuzuia bomba lisiinyonye dawa lenyewe pale shinikizo linapoanguka, la sivyo pipa zima laweza kuishia ndani ya maji kwa dakika chache.

Gesi ina njia yake. Maji hupitishwa kwa kasi kwenye tundu lililobanwa, yakafanya mvuto wa kunyonya, na gesi ikavutwa ndani. Uzuri wake ni kwamba mpira ukipasuka, hewa ya nje ndiyo huingia, gesi haitoki.

Baada ya kuingia, dawa huhitaji muda. Shirika la Afya Duniani husema angalau dakika 30 kabla mtu wa kwanza hajafungua mfereji. Ndiyo maana baada ya kutiwa dawa maji hupelekwa kwanza kwenye tangi kubwa.

Hesabu ya fundi

Hesabu yenyewe ni nyepesi, mtoto wa darasa la sita aiweza. Chukua maji yanayopita kwa saa, kwa mita za ujazo. Zidisha kwa kiasi cha dawa unachotaka, kwa miligramu kwa lita. Jibu ni gramu za klorini kwa saa.

Kituo nilichofanyia kazi kilipitisha mita za ujazo 80 kwa saa, na tulitia miligramu 1.5 kwa lita. 80 mara 1.5 ni gramu 120 kwa saa. Dawa yetu ilikuwa ya asilimia 10, yaani gramu 100 katika kila lita. Kwa hivyo pampu ilitakiwa kutoa lita 1.2 kwa saa. Hapo pana faida nyingine: ukijua pipa linatakiwa lishuke lita 1.2 kila saa, basi pipa lenyewe ni kipimo. Weka alama ya kalamu pembeni, rudi baada ya saa sita, ukute limeshuka lita 7 na kitu. Halikushuka? Dawa haikuingia, hata kama pampu inalia.

Kwa nini miligramu 1.5 na si 0.5? Kwa sababu klorini ikiingia majini hulipa madeni kwanza. Kila uchafu inaokutana nao, chuma kilichoyeyuka, majani yaliyooza, vijidudu, hula sehemu yake. Kinachosalia baada ya kulipa madeni yote ndicho huitwa klorini iliyobaki. Hayo ndiyo masurufu ya safari: ndiyo yatakayoyalinda maji njiani mpaka nyumbani kwako. Shirika la Afya Duniani hutaka yabaki angalau miligramu 0.5 kwa lita baada ya zile dakika 30, na angalau 0.2 pale mteja anapochota. Kiwango cha juu kwa usalama wa mnywaji ni 5. Kwa hivyo maji yanayonuka kidogo yako mbali sana na kiwango cha kumdhuru mtu.

Angalia hapa palipo siri ya kazi. Kiasi kilichotiwa si kiasi kilichobaki. Mvua ikinyesha, madeni ya maji huongezeka. Ukiendelea kutia 1.5 ile ile, masurufu yatakwisha kabla ya safari kuanza. Hesabu ya kutia hufanywa mezani, lakini kilichobaki lazima kipimwe.

Vipimo viwili, na kimoja hakitoshi

Kipimo cha kwanza ni cha mtiririko, kujua maji mangapi yanapita. Kuna mita za gurudumu kama ile ya nyumbani kwako. Kwenye mabomba makubwa hutumiwa mita za sumaku, zinazofuata kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831: maji yakipita ndani ya uwanja wa sumaku huzaa umeme mdogo, na yakienda kasi zaidi umeme huongezeka. Hakuna kitu kinachozunguka ndani, kwa hivyo hakuna cha kukwama. Nyingine hutumia sauti, zikilinganisha muda wa sauti inayokwenda na maji na ile inayokwenda dhidi yake.

Mita hiyo ikiunganishwa na pampu ya dawa, maji yakipungua mapigo hupungua, yakiongezeka huongezeka. Bila ya muunganisho huo, pampu hutema kiasi kile kile mchana na usiku. Basi usiku maji yakiwa machache watu hupata dawa nyingi, na asubuhi kila mtu akifungua mfereji dawa huwa chache. Pengine ndiyo maana maji ya mtaa mmoja hunuka leo na kesho yasinuke.

Kuna hatari nyingine. Maji yanayoteremka kwa mteremko hayahitaji stima, lakini pampu ya dawa yaihitaji. Stima ikipotea, dawa husimama na maji huendelea kuja. Kituo chochote cha namna hiyo kinahitaji betri, jenereta, au dawa inayotiririka nayo kwa mteremko. Na zaidi ya yote, kengele ya kumwamsha mtu.

Kipimo cha pili ni cha klorini iliyobaki. Kwa mkono, unachota maji kwenye kichupa, unatia kidonge cha DPD, unatikisa. Maji yakiwa na klorini hugeuka waridi. Rangi ikikolea, klorini ni nyingi; yakibaki meupe, hakuna kitu. Unalinganisha na kadi ya rangi na kusoma tarakimu. Kazi yote haifiki dakika tano. Vituo vikubwa huwa na chombo kinachopima chenyewe bila kukoma na kupiga kengele kiwango kikishuka.

Usiku wangu mmoja wa Ramadhani

Sasa kosa langu. Sitakitaja kituo, kwa sababu aliyekosa ni mimi.

Nilikuwa kijana, mwaka wangu wa pili kazini, zamu ya usiku, mwezi wa Ramadhani. Kanuni ilikuwa kupima kila saa na kuandika kwenye daftari. Saa sita usiku nilipima kweli, nikapata 0.4, nikaweka na alama kwenye pipa. Kisha nikakaa. Pampu ilikuwa ikilia tak, tak, tak, na mlio ule ulinitosha. Saa saba niliandika 0.4 bila kuinuka kitini. Saa nane 0.4. Saa tisa nilikula daku, nikaandika 0.4. Saa kumi, saa kumi na moja, vivyo hivyo. Nilijiambia kwamba kila usiku huwa 0.4, basi na leo itakuwa ni hiyo hiyo.

Saa kumi na mbili alfajiri akaja mzee wa kunipokea zamu. Hakutazama daftari kwanza. Alichota maji, akatia kidonge, akatikisa. Yalibaki meupe kama theluji ya kwenye friji. Akaenda kwenye pipa. Ile alama yangu ya saa sita haikuwa imeshuka hata unene wa ukucha. Mpira wa kunyonyea ulikuwa umeingia hewa. Pampu ilikuwa ikipiga hewa usiku kucha, na mlio wake haukubadilika.

Mzee hakunifokea. Alitoa hewa, akaiwasha pampu upya, akapima mpaka rangi ikarudi. Kisha akanipa kalamu nyekundu. Akaniambia, "Usifute. Piga mstari mmoja, ili atakayesoma aone ulichoandika. Halafu andika pembeni: sikupima." Nikaandika mara tano. Mkono wangu ulikuwa mzito kuliko siku yoyote niliyowahi kushika kalamu.

Saa sita mara mita za ujazo 80 ni 480. Hizo ni lita 480,000, au mitungi 24,000 ya lita 20. Sikuwahi kusikia kwamba kuna aliyeugua. Na sitajua. Maji ya kisima kile pengine yalikuwa safi, Mungu alitusitiri. Lakini kila ninapoona mama amebeba mtungi hukumbuka kwamba alikunywa kwa imani ya tarakimu niliyoitunga. Daftari lile lilikuwa amana. Waliokunywa hawakuniona wala kunijua, na walinikabidhi matumbo ya watoto wao.

Walipokosa bahati

Miaka kadhaa baadaye nilisoma habari za Walkerton, mji mdogo wa watu wapatao 5,000 katika jimbo la Ontario, Kanada. Mwezi Mei mwaka 2000 mvua kubwa ilinyesha na kusomba mbolea ya ng'ombe mpaka kwenye kisima kifupi kinachoitwa Kisima namba 5. Madeni ya maji yakapanda, dawa iliyokuwa ikitiwa kidogo ikaliwa yote. Watu zaidi ya 2,300 waliugua, saba wakafa.

Jaji Dennis O'Connor aliongoza uchunguzi. Ilibainika kwamba wafanyakazi walitakiwa kupima klorini iliyobaki kila siku, na kwa miaka walikuwa wakiandika tarakimu za kubuni, 0.5 au 0.75, karibu kila siku. Niliposoma hapo nililiona daftari langu. Jaji alisema pia jambo ambalo kila msimamizi wa maji angepaswa kulibandika ukutani: kama kisima kile kingekuwa na vyombo vya kupima klorini na tope bila kukoma, mlipuko ule ungezuilika. Hakusema kwamba ng'ombe ndio wenye makosa.

Visa vingine viwili vyafunza upande wa pili. Tarehe 6 Julai 1988, kwenye kituo kisicho na mtu karibu na Camelford, Uingereza, dereva aliyekuwa akishika nafasi ya mwenziwe alimimina tani 20 za shabu ya aluminiamu kwenye tangi lisilo lake. Zikaingia kwenye maji ya watu wapatao 20,000. Wananchi walikaa zaidi ya wiki mbili kabla ya kuelezwa ukweli. Na huko Flint, jimbo la Michigan, Marekani, mwezi Aprili 2014 mji ulibadilisha chanzo cha maji na kutumia ya mto bila ya kutia ile dawa ya fosfeti inayolinda mabomba. Maji yakaanza kula risasi ya mabomba ya zamani, na watoto wakainywa. Wakazi walilalamikia rangi na harufu, wakaambiwa maji ni salama.

Walkerton dawa ilikuwa pungufu. Camelford iliingia mahali pasipo pake. Flint haikutiwa kabisa. Katika visa vyote vitatu mnywaji alikuwa wa mwisho kujua.

Safari ya maji yetu

Turudi nyumbani. Maji ya Mombasa hutoka mbali. Chemchemi za Mzima ziko ndani ya Tsavo Magharibi, zikilishwa na mvua ya milima ya Chyulu inayopenya kwenye mawe ya volkano. Bomba lake lilijengwa miaka ya 1950 na lina urefu wa karibu kilomita 220. Maji ya Baricho hutoka visima vilivyo kando ya mto Sabaki, yakahudumia Malindi na Kilifi na kushuka hadi Mombasa, zaidi ya kilomita 100. Kuna Marere kule Shimba Hills, na visima vya Tiwi.

Fanya hesabu. Tuseme maji huenda mita moja kwa sekunde. Kilomita 220 ni sekunde 220,000, yaani saa 61. Siku mbili na nusu ndani ya bomba, katika joto letu, na joto huila klorini. Masurufu yaliyofungwa mwanzo wa safari ya namna hiyo hayawezi kumfikisha msafiri. Ndiyo maana bomba refu huhitaji kutiwa dawa tena njiani na kwenye matangi ya mwisho, na kupimwa kila mahali panapotiwa.

Halafu kuna mgao. Tunayajua maji ya mara mbili kwa wiki. Bomba likiwa limejaa na lina shinikizo, maji ndiyo hutoka kwenye nyufa. Likiwa tupu, hunyonya. Na mitaani kwetu bomba lapita karibu na vyoo vya shimo na mitaro. Maji yanaporudi, yale ya kwanza hubeba kilichoingia. Kipimo kilichochukuliwa kituoni, hata kikiwa cha kweli, hakielezi lolote kuhusu nyufa zilizo nyuma ya nyumba yako. Kipindupindu kimerudi Kenya mara kwa mara, mwaka 2015 na tena 2022, na huanzia palipo na maji ya wasiwasi.

Kwa hivyo rai yangu ni hii. Kampuni za maji za kaunti zetu zipime klorini iliyobaki kwenye mifereji ya mwisho wa laini: shuleni, msikitini, zahanati, kwenye vibanda vya kuuzia maji. Kisha tarakimu zitangazwe kila wiki pamoja na ratiba ya mgao, mtaa kwa mtaa. Zikiwa mbaya zitangazwe pia, ili watu wachemshe. Hii si fadhila tunayoomba. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na kifungu cha 35 chatupa haki ya kupata habari. Na yule mfanyakazi wa zamu ya usiku apewe vidonge vya kutosha, taa inayowaka, na mkuu asiyemwadhibu anapoandika kwamba leo kipimo ni kibaya. Ukimtisha mtu kwa tarakimu mbaya, atakuletea nzuri kila siku.

Nyumbani kwako

Maji yakirudi baada ya mgao, yaache yatiririke kwanza mpaka yatakate. Yale ya mwanzo yatumie chooni. Ya kunywa, chemsha mpaka yatokote, au tia dawa ya kusafishia maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, funika, ungoje dakika 30. Maji yaliyokaa siku tatu kwenye tangi la paani yahesabu kwamba hayana klorini tena, hata kama yalikuja nayo. Harufu ikikuudhi, yaweke kwenye jagi lenye kifuniko kilicholegea masaa kadhaa, itaondoka. Na usichanganye kamwe Jik na sabuni kali ya choo yenye asidi. Hutoa ile gesi ya klorini, na chooni hakuna pa kukimbilia.

Kamati za misikiti na shule nazo zaweza kununua kipimo cha DPD. Mtu mmoja afundishwe, apime birika na mifereji kila wiki, aandike ubaoni.

Nilimrudia yule mzee juzi usiku na jibu lililonyooka zaidi, kwa sababu lile la kwanza lilikuwa na upungufu. Harufu nayo si kipimo. Wakati mwingine maji hunuka sana kwa sababu klorini kidogo imekutana na uchafu mwingi, na yasiyonuka huweza kuwa na 0.2 yake kamili. Nilichukua kichupa, tukachota pamoja kwenye birika, nikatia kidonge. Yakageuka waridi hafifu. Nikamwonyesha kwenye kadi: 0.3. Mzee akaishika kadi karibu na taa, akaitazama kwa muda, akasema, "Na wiki jana ilikuwa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Wiki jana hakuna aliyepima.